Macho ya Dorabel

Baba alikuwa na hakika kwamba gauni la Dorabel ni la bluu.

Televisheni yetu ilionyesha nyeusi na nyeupe tu, kama televisheni zote za mtaani kwetu San Fernando mwaka ule wa 1961, lakini Baba alishaamua. Bluu iliyokolea, alisema, na mwanamume yeyote mwenye mke anaijua. Mimi ndiye niliyekuwa nikilipaka gauni lile, Jumatatu hadi Ijumaa, kwa rangi ya kijani ya kopo namba arobaini na moja. Nilimwambia mara moja. Akacheka, akasema nimechanganya makopo. Sikubishana naye. Mimi si mtu wa kubishana, mimi hutazama na kungoja.

Wendell Kasprzak nilimngoja miezi kumi na minne.

Yeye alifanya kazi ghorofani, mimi chini. Katika studio yetu pale Burbank wanaume walikaa juu na penseli zao, wakiwachora akina Tumbleson, yaani Dorabel na mumewe Gus wa kipindi chetu cha katuni, wakikimbia na kuanguka na kufumba macho. Sisi wasichana tulikaa chini na glavu nyeupe za pamba, tukizipokea picha zile zikiwa zimeshanakiliwa kwa wino juu ya plastiki angavu, tukazigeuza na kuzipaka rangi kwa nyuma. Mlango wao ulikuwa wao na wetu wetu. Mchoraji akitaka kusema na msichana wa rangi, alipaswa kusema kwanza na Bi Halvorsen, msimamizi wetu, na Bi Halvorsen alikuwa na jicho la kumfanya mtu akumbuke shughuli nyingine.

Na kulikuwa na sheria moja zaidi. Msichana akiolewa na mtu wa studio ile ile, anakabidhi brashi yake. Niliwaona watatu wakikabidhi. Waliagwa kwa keki na makofi, na Jumatatu kiti kilikuwa na mtu mwingine.

Niliacha shule darasa la sita nikaenda kupanga malimau kwenye makasha pamoja na Mama. Brashi ile niliipata kwa kusimama siku nne mlangoni pa studio mpaka Bi Halvorsen akachoka kuniona. Nilimpenda Wendell. Brashi nayo niliipenda. Ndivyo vitu viwili nilivyokuwa navyo moyoni, na kimoja kilikuwa kinamtaka mwenzake aondoke.

Nilijuaje kwamba Wendell ananipenda, na wakati huo hajaniambia neno zaidi ya habari za asubuhi? Nilijua kwa Dorabel. Sisi wapaka rangi, nywele zikituangukia usoni, hatuzishiki kwa vidole maana vina rangi. Tunazisukuma kwa kifundo cha mkono. Mimi huzisukuma kwa mkono wa kushoto, halafu napuliza zile zilizobaki. Siku moja ikaja mezani kwangu picha ya Dorabel jikoni kwake, ndani ya ule mnara wa saa wanamoishi, anasukuma nywele kwa kifundo cha mkono wa kushoto. Picha iliyofuata, anapuliza. Nikakaa nikaitazama. Sekunde moja ya televisheni hula picha kumi na mbili, na hakuna mtu anayechora kitu mara kumi na mbili kwa bahati mbaya.

Nilizipaka zote vizuri, nikazipeleka zikakauke.

Alipojitokeza hatimaye, alijitokeza vibaya. Ilikuwa Jumapili, alikuja nyumbani peke yake na mchoro ameukunja mkononi, akabisha hodi, akamwambia Baba kwamba anataka kunioa.

"Nani anakusemea?" Baba akamuuliza mlangoni.

"Mimi mwenyewe, mzee."

"Basi wewe ni muuza mafagio. Leo hatununui." Akafunga mlango taratibu, kwa adabu, kama anavyowafungia wauza mafagio.

Jumatatu yake nilipita karibu na Wendell kwenye maegesho ya magari. Sikusimama. "Kwetu mtu haji kujiombea," nikamwambia. "Tafuta mshenga."

"Mama yangu yuko Chicago. Sina mtu hapa. Nimtafute nani?"

"Mtu anayenijua mimi na anayekujua wewe, na ambaye Baba hawezi kumfungia mlango."

Sasa Jumapili ya pili ikafika, saa nane mchana. Mama alikuwa amepika kuku wa mchuzi mzito wa pilipili na chokoleti, ule wa sikukuu, huku akisema kwamba amepika tu kwa sababu kuku alikuwepo. Nikasikia gari. Nikachungulia dirishani. Wendell alishuka na kikapu kimefunikwa kitambaa, akazunguka upande wa pili, akamfungulia mlango Bi Halvorsen, mwenye kofia na glavu, zilezile glavu nyeupe za kazini.

"Bikira Maria," nikasema.

"Nani huyo?" Mama akauliza.

"Bosi wangu."

"Huyo wa jicho?"

"Huyo huyo."

Mama akavua aproni, akaivaa tena, akaivua.

Baba aliwakaribisha ukumbini. Bi Halvorsen alikaa ukingoni mwa kiti, mgongo wima, akaweka kikapu mezani mwenyewe. Ndani yake mlikuwa na mikate mitamu, chokoleti, kahawa na chupa moja, kila kitu kama inavyotakiwa. Nikajua ni nani aliyekipanga.

"Mzee Anselmo," akaanza, kwa Kihispania kilichonyooka kuliko changu, maana alikulia kwenye mashamba ya machungwa ya Santa Paula, "nimekuja kumsemea kijana huyu."

"Namwona. Wiki iliyopita alikuja kama muuza mafagio. Leo ana mtu. Anajifunza."

"Amekonda," Mama akasema. "Huko ghorofani hawali?"

"Wanakula wamesimama," Bi Halvorsen akajibu. "Jina lake Wendell Kasprzak. Ana miaka ishirini na saba. Hagombani na watu, hadaiwi, anamwandikia mama yake kila wiki. Ni Mpolandi na ni Mkatoliki."

"Mkatoliki wa kwenda kanisani au wa kuandikishwa?" Mama akamgeukia Wendell.

Wendell alikisema Kihispania kama mtu anayevuka mto kwa kurukia mawe. "Wa kwenda, mama. Ila nafika mwishoni mwishoni."

"Angalau hasemi uongo."

Nilikuwa nimesimama mlangoni mwa jikoni na sinia la glasi. Alinitazama mara moja tu, haraka, halafu akatazama magoti yake. Lakini mara ile moja ilinitosha. Masikio yalimwiva, na mimi nikahisi sinia linalia mkononi.

Baba akajiegemeza kwenye kiti. "Mimi nina maswali. Ya kanisa tumemwachia mama."

"Uliza, mzee."

"Gus Tumbleson akikimbia ndani ya mnara wake, kwa nini anapita dirisha lile lile? Nimehesabu. Ijumaa iliyopita alipita dirisha moja mara kumi na moja. Mnara gani huo?"

Wendell akainua kichwa. Hakuwa amelitegemea swali lile. "Ni picha moja ya ukuta, mzee. Ndefu, hivi." Akatanua mikono. "Ikiisha tunairudisha mwanzo. Gus hakimbii. Anakimbia palepale. Ukuta ndio unaokimbia."

Baba alimtazama kama ndiyo kwanza anamwona. "Herlinda, umesikia? Ukuta ndio unaokimbia."

"Nimesikia. Na yule bata bukini, Kanali? Miguu yake iko wapi? Kila siku yuko nyuma ya pipa."

"Hana, mama."

"Hana miguu?"

"Hatukuwahi kumchorea. Miguu ya kutembea inakula siku mbili. Kwa hiyo tunamweka nyuma ya pipa, anasema maneno yake, tunaendelea."

"Miaka miwili!" Mama akapiga paja. "Miaka miwili nasema yule bata ana aibu!"

"Na shanga?" Baba akauliza. "Mke wa mtu anafagia na shanga, anaoga na shanga."

"Shanga zinaficha kiungo," nikasema mimi, kabla sijajizuia. "Pale kichwa kinapokutana na kiwiliwili. Akizungumza tu..."

"...tunachora kichwa peke yake," Wendell akamalizia, "kiwiliwili kinabaki kilekile, na shanga..."

"...zinafunika ufa."

Mama alinitazama mimi, akamtazama yeye, akachukua sinia mikononi mwangu maana sasa lilikuwa linapiga kelele kweli.

"Gauni," Baba akasema. "Usimtazame binti yangu. Nitazame mimi. Gauni la Dorabel ni rangi gani?"

Nilimwonea Wendell huruma. Alikuwa ameshasikia habari za bluu ya Baba, studio nzima ilishaisikia. Jibu moja lingempendeza mwenye nyumba.

"Kijani, mzee."

"Mmepanga!"

"Kijani," Bi Halvorsen akasema. "Niliichanganya mwenyewe mwaka juzi."

Baba alifikiri kidogo. "Basi mlikosea tangu mwanzo," akasema, na ukumbi mzima ukacheka, hata Bi Halvorsen, kicheko kifupi kama kikohozi. Nikamwona Wendell anashusha mabega. Nikajua kinachokuja, maana ninamjua Baba, kizuri hukiweka mwisho.

"Nitakwambia kitu kijana. Kilichofanya nisikufukuze kwa kelele wiki ile ni macho ya maua. Gus akimletea mke wake kitu, hata kiwe kitunguu, macho ya Dorabel yanajaa maua. Maua yaleyale ya ukutani kwake, yanaingia ndani ya macho. Mara ya kwanza kuyaona nilimwambia Herlinda, aliyebuni hili anamjua mwanamke. Ni nani aliyebuni?"

Kicheko kikakatika. Bi Halvorsen akarekebisha glavu yake ya kulia. Mimi nikamtazama Wendell, nikangoja.

Hakuna aliyebuni. Ilikuwa Machi, mwaka ule ule. Nilikuwa nampaka Dorabel picha thelathini na sita: uso, nywele, midomo, gauni. Weupe wa macho huja mwisho. Wendell akavunja sheria, akashuka ngazi, akasimama kando ya meza yangu na karatasi mkononi, akaniuliza kama kijani kitaonekana mbele ya pazia. Nikamwambia kitaonekana. Hakuondoka. Akasimama tu pale, na mimi nikashika brashi sijui nimefika wapi. Alipoondoka nilizipeleka zote zikakauke, macho hayajapakwa. Plastiki ni angavu. Ukiiweka juu ya picha ya ukuta, pasipopakwa panaonyesha ukuta. Hakuna aliyegundua mpaka Ijumaa usiku, nchi nzima ilipomwona Dorabel ana maua ya ukutani ndani ya macho.

Bwana Stroud, mkuu wa studio, alishuka Jumatatu akipiga kelele anataka kujua ni nani. Wendell akajibu kutoka nyuma yake: "Mimi. Niliagiza yaachwe hivyo." Baada ya siku mbili barua zikaja, makapu matatu. Watu waliyapenda macho yale. Kelele zikageuka pongezi, na Wendell akafanywa mkuu wa wachoraji wa Dorabel. Alinitumia ujumbe mdogo: nilitaka tu wasikufukuze. Tangu siku ile nilikuwa nikingoja kuona atalisema lini mbele ya watu.

"Si mimi, mzee," Wendell akasema. Sauti ilikuwa ndogo, halafu ikakua. "Macho yale ni ya Otilia, binti yako. Alikosea, mimi nikiwa nimesimama pale namsumbua. Nikasema ni mimi ili asifukuzwe. Halafu wakanipongeza. Nikanyamaza."

"Wakakupa nini?" Baba akauliza.

"Cheo."

"Kwa hiyo umekula sahani ya binti yangu."

"Nimekula, mzee."

"Lile neno langu kwamba hasemi uongo nalifuta," Mama akasema kutoka jikoni.

Bi Halvorsen aliinua mkono. "Otilia aliniambia mwenyewe saa ileile. Nami nilipanda ghorofani nikamwambia Bwana Stroud. Alicheka. Akasema wasichana wa rangi hawabuni, wanapaka."

Hilo sikuwa nalijua. Lilinichoma, lakini si Stroud niliyekuwa na neno naye.

"Nani alikuomba unifiche?" nikamuuliza Wendell.

"Otilia, wangekutoa siku ileile."

"Wangenitoa. Lilikuwa kosa langu, na mdomo nilikuwa nao."

"Lilikuwa letu. Mimi ndiye niliyesimama pale."

"Sawa. Kosa likawa letu. Cheo kikawa chako."

Baba alifungua mdomo, Mama akamgusa bega, akaufunga. Nilisogea nikakaa kiti cha mbele ya Wendell, mahali ambapo msichana anayeposwa hakai. Sauti yangu niliisikia imetulia kama ya mtu anayeagiza mkate.

"Nina swali langu na mimi. Tukioana, nani anaondoka studio?"

"Kwa kawaida..."

"Kawaida naijua. Nimeila keki yake mara tatu."

Akatazama vidole vyake. Vilikuwa na weusi wa penseli ule usiotoka hata Jumapili. Nilijua anafikiri nini. Anamfikiria Dorabel, meza yake ya dirishani, jina lake mwenyewe linalopita kila Ijumaa mwisho wa kipindi huku Baba akilisoma kwa sauti. Nilimwacha afikiri. Sikumsaidia. Kama angesema wewe, ningempa kofia yake, na ningelia baadaye, jikoni, na kesho yake ningekwenda kazini.

"Wewe unaipenda ile brashi," akasema polepole.

"Naipenda."

"Kuliko mimi?"

"Sijakuuliza unipime. Nimekuuliza nani anaondoka."

Wendell akainua uso, na mara hii hakuuangusha.

"Mimi," akasema. "Ninaondoka mimi. Kesho asubuhi nitamwambia Stroud mambo mawili. Kwanza macho yale ni ya nani. Pili naaga."

"Usinipambie."

"Sikupambii. Naogopa mpaka tumbo linaniuma. Lakini ndiyo hivyo."

Nilimwamini kwa sababu ya tumbo. Mtu anayepamba hasemi tumbo.

"Na akisikia nilikosea, brashi yangu je?" nikamgeukia Bi Halvorsen.

"Viti vya chini navigawa mimi," akasema. "Stroud hajui hata rangi ngapi zipo. Na wewe kijana, ng'ambo ya barabara wanatafuta wachoraji. Wana kipindi cha farasi."

"Sijui kuchora farasi, Bi Halvorsen."

"Huyu alijifunza makopo mia mbili kwa mwezi mmoja. Farasi ni mnyama mmoja tu."

Mama alipitisha kicheko puani. Baba akasimama, akavuta shati lake likanyooka, akaweka mkono juu ya kile kikapu bila kukifunua. Uso wake ulikuwa wa kazi rasmi.

"Bi Halvorsen, umesema vizuri. Kijana, umesema vibaya halafu ukasema vizuri. Lakini kwetu jibu halitolewi siku ya kuombwa. Familia inakaa, inafikiri. Mtarudi baada ya siku kumi na tano, ninyi wawili, mtajibiwa."

"Siku kumi na tano?" Wendell akasema kwa Kiingereza, amesahau mawe yote ya mtoni.

"Hata mimi nilingojeshwa hivyo hivyo kwa huyu mama. Sikufa."

"Ulikonda," Mama akasema.

Nilisimama. Baba alinitazama kwa jicho la kuniambia nikae. Katika maisha yangu nimelitii jicho lile mara nyingi sana, na nitalitii tena.

"Baba, siku kumi na tano ni zako, na ni haki yako. Mimi nimeshamaliza kufikiri." Nikamgeukia Wendell. "Ndiyo. Ninakubali."

"Otilia!"

"Nimemaliza, Baba. Zako zianze."

Mama alijifunika mdomo kwa aproni, mabega yakimtikisika. Bi Halvorsen alivua glavu yake ya kulia, mara ya kwanza kuiona ikivuliwa tangu nimjue, akanipa mkono. Baba alitutazama wote mmoja mmoja, kama mtu aliyeibiwa saa yake mchana kweupe, halafu akanyanyua kitambaa cha kikapu, akatoa mkate mmoja, akaumega.

"Kuku anapoa," akasema. "Kaeni. Kula si jibu."

Tukala. Wendell alikula sahani mbili, Mama akaacha kumwita aliyekonda. Jua lilipoanza kuwa la jioni niliwasindikiza mpaka langoni. Bi Halvorsen alitangulia kwenye gari, akaanza kuutazama mti wa jirani kwa makini mno. Wendell alisimama na kofia mkononi. Hakunigusa, Baba alikuwa dirishani, lakini alisogea mpaka nikauona weusi wa penseli ulipoishia na ngozi yake ilipoanza.

"Umesema ndiyo," akasema.

"Nimesema."

"Na kwa baba yako bado siku kumi na tano. Sasa siku zote hizo mimi nifanye nini?"

"Tafuta kazi," nikamwambia, nikamfungulia lango.